Honi ya Anverali

Flemingdon Park,
Toronto.
29 Septemba, 2012

Mpendwa mdogo wangu Qurratulain,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Tanga, na goti lako limepoa. Je, siku hizi unapanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta? Mimi kwa afya sijambo. Kula nakula, kulala ndiyo shida.

Kwenye simu huwa nasema tu kwamba tuko salama, halafu kadi inakwisha. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Eda yangu inakaribia kwisha. Tangu tumzike Anverali sijavuka mlango. Akina mama wa msikitini walikuja sana mwanzoni, na vyakula vyao. Sasa wamerudi kwenye shughuli zao, na siwalaumu. Bado asubuhi natoa vikombe viwili vya chai, kimoja nakirudisha kabatini.

Habari hasa ni ya mwanangu Naseem. Unakumbuka ile picha, mkono wake uliovunjika ukiwa kwenye hogo? Mwanao huyo tangu yuko sekondari anahangaika na mchezo mmoja wa sketibodi, ule ubao wa magurudumu. Anakuja kasi, anaruka ngazi za mbele ya jengo letu, na akiwa hewani ubao unatakiwa ujipindue chini yake, kisha aukanyage tena atue amesimama. Michezo mingine ameiweza na medali anazo. Huu ulimkataa miaka yote. Alijiapia kwamba bila huu hatahamia Vancouver, ambako wenzake wa mashindano wanamngoja.

Baba yake akirudi kazini alikuwa anabaki ndani ya gari kumtazama. Akianguka, Anverali anapiga honi kidogo, maana yake inuka.

"Naseem, lami ya watu imekukosea nini?"

Naye, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, anamjibu, "Daddy, wewe piga honi tu."

Alimwahidi kwamba siku atakayoweza, atampigia honi ndefu mpaka majirani wagombe. Akafariki hajaipiga.

Baada ya mazishi Naseem aliacha kabisa, akaanza tena mwezi wa nane. Namwangalia kutoka dirisha la jikoni, ghorofa ya pili. Gari liko palepale chini. Naseem huliwasha kila Ijumaa ili betri isife, lakini honi haigusi.

Jumapili iliyopita alasiri nilikuwa nachambua mchele. Nikasikia magurudumu, kisha kimya, kisha kishindo kimoja badala ya viwili nilivyovizoea, cha ubao na cha mwanangu. Nikainua macho. Amesimama juu ya ubao. Hakushangilia. Aligeuka akalitazama gari.

Qurratul, nilijua maana yake. Ameweza, basi anaondoka. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari karibu na jiko, una kitufe chekundu ambacho Anverali alinikataza kukigusa, kwa sababu gari hupiga honi lisinyamaze. Nikakibonyeza.

Bwana Valerian wa ghorofa ya juu, yule wa Bukoba, akafungua dirisha. "Mama Naseem, gari lenu linaibiwa!"

Nikamjibu nikiwa nyuma ya pazia, "Haliibiwi, Bwana Valerian. Linampongeza mtoto."

Naseem alikuwa amekaa kwenye lami, uso ameuficha nyuma ya ubao. Kushuka sikuweza, eda ni eda. Nilisimama na ufunguo mkononi mpaka gari likachoka lenyewe. Alipopanda juu alinilalia mapajani na viatu vyake vichafu, nami sikumwambia avue.

Anasubiri eda yangu iishe, kisha aende. Gari anasema nisiliuze. Mimi siendeshi, kwa hiyo litakaa chini, na ufunguo utakaa juu pamoja nami.

Nisalimie Kaka Mohamedjaffer na mkewe. Naseem anakusalimu sana wewe masi yake, mama yake mdogo. Mungu akupe umri mrefu na nyumba isiyokosa watu. Ukienda makaburini kwa mama, msomee Fatiha, na Anverali pia. Nami niliye hai huku, unikumbuke.

Dada yako akupendaye,
Razia