Chubwi Zenye Makunyanzi

Jumatatu, 4 Novemba 2013
Mkaa umeshika. Risasi inayeyuka kwenye sufuria bovu. Chubwi za leo zimetoka na makunyanzi kama bibi yangu akila limau. Nimezirudisha motoni. (Mtaani nasema chubwi za kuzamishia nyavu. Nikisema nauza risasi, polisi wataelewa vingine.)

Jana alipita shemeji Nestori, kaka yake Edita mke wangu. Anavua Malagarasi. Wavu wake umefumuka kwa chini. Chubwi nilizomuuzia zina mikunjo yenye makali, imekula kamba. Kasema, "Shemeji, Jumapili narudi na mawe yangu kwenye mfuko. Zikiwa bado hivi, nafunga mawe kama baba."

Akifunga mawe, mto mzima utauliza kwa nini. Mi nachekesha watu Kasulu nzima. Kuchekwa sijazoea.

Jumanne, 5 Novemba
Nimesema ni uchafu. Risasi yangu ni vile vipande vya kusawazishia ringi za magari, navitoa gereji Kibondo, vimejaa grisi. Nikatupia nta ya nyuki, ikawaka, nikakoroga, nikaengua takataka zote. Ikabaki inang'aa kama kioo.
Nikamimina. Makunyanzi.
Nta imeenda bure.

Jumatano, 6 Novemba
Nimeongeza moto. Nimepuliza mpaka kizunguzungu. Sasa zinatoka zimepauka kama zimepakwa unga, na makunyanzi yapo palepale. Mvua ikaanza. Tone moja tu likaingia kwenye sufuria, risasi ikaruka puu! Imenipita sikioni.
Nimeogopa. Kweli kabisa. Nimehamia chini ya banda. Edita na mtoto nimewakataza kusogelea huo moshi.

Alhamisi, 7 Novemba
Kitu cha ajabu. Asubuhi mbovu, jioni nzuri. Za mwisho zote laini. Risasi ileile, kalibu lilelile la chuma la kumiminia, mtu yuleyule mwenye njaa.
Nadhani kalibu linakuwa na baridi asubuhi.

Ijumaa, 8 Novemba
Kalibu nimelipasha kwanza juu ya mkaa. Chuma cha moto, huwezi kugusa. Bado mbovu.
Nimeliangalia. Nalo likaniangalia.
Fundi wa gereji ya Kibondo kanipigia simu, nikamweleza, kasema nimerogwa. Nimecheka. Baadaye sikucheka. Keshokutwa Nestori.

Jumamosi, 9 Novemba
Edita kaja kuchukua kaa la moto la jikoni. Nilikuwa napasha kalibu. Kasimama, kanusa.
"Baba Furaha, mbona chuma chako kinanukia maharage?"
Nikanusa na mi. Mawese, yale anayoungia maharage!

Kila jioni nalipaka kalibu mawese, ndani na nje, lisishike kutu. Kwetu mawese ni dawa ya yote: kikohozi, bawaba ya mlango, mtoto mchanga. Mama alinipaka mimi, mi nikapaka chuma. Asubuhi risasi inakuta mafuta, inateleza, inajikunja. Kulipasha tu hakuyamalizi; ikifika jioni, nimeshamimina mara nyingi, mafuta yameshaungua, zinatoka safi. Nafurahi, nafunga kazi, napaka tena. Wiki nzima ugonjwa nautia mwenyewe jioni, asubuhi naamka kuutafutia dawa.

Nimelisugua kwa majivu na maji ya moto. Nimelikausha mkaani mpaka likakauka kabisa, lile tone la Jumatano sijalisahau. Nikalifukiza moshi wa kibatari risasi isigandie chuma, ndani likawa jeusi tii. Nikamimina.
Ya kwanza kabisa, laini. Nimepiga yowe, jirani kaja na panga akidhani nyoka.

Jumapili, 10 Novemba
Nestori kaja mapema, mfuko begani. Kachukua chubwi moja, kapitisha kidole. Kachukua nyingine. Akatoa kamba, akaisugua juu yake, akaikagua, akasugua tena. Nilikuwa na utani tayari mdomoni. Nimeumeza.
Akamwaga mawe yake pale mlangoni, akajaza chubwi kwenye mfuko uleule. Kaondoka kabla mvua haijashika.

Jioni nimelifuta kalibu. Mkono wenyewe ukaenda kwenye chupa ya mawese. Nimeirudisha jikoni.
Upepo mwingi leo. Edita kachukua jiwe moja la Nestori kauzuia mlango. Mengine yapo palepale, yanalowa. Sijayatupa.