Kilimi cha Binti Yangu Hakikatwi

Alhamisi, hapa mjini Baraka. Joto limekaza tangu asubuhi. Mawingu yamejaa juu ya ziwa lakini mvua imegoma kunyesha. Na mimi nimegoma. Leo sitaki kumsamehe mtu yeyote, na msinitumie mistari ya Biblia huko chini kwenye maoni.

Naandika kwa simu, mkono mmoja, nimekaa kwenye kitanda cha hospitali. Binti yangu Faida yuko kifuani pangu, ana bomba jembamba la oksijeni puani. Ana wiki tisa tu duniani. Anakohoa, anakohoa, anakohoa, mpaka midomo inageuka rangi na macho yanatoka maji. Ni kifaduro. Hapa hospitalini wanakiita kokelushi.

Sasa niwaambie kuhusu mama mkwe wangu.

Alikuja kutoka kwao Ubwari kwa boti, Faida alipokuwa na mwezi mmoja, eti kuniogeshea mtoto. Nikashukuru. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu ukimpa jembe atakwambia unavyolilima vibaya. Uji wangu mwepesi. Namfunga mtoto vibaya. Hata Kiswahili changu ni kosa. Mimi nimekulia kambini ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma, wazazi wangu walipokimbia vita, na nimerudi huku kwetu Fizi na maneno ya huko.

"Huyu mutoto ya kambi," anawaambia majirani nikiwa nimesimama hapo hapo. "Eti 'tafadhali mama'. Tafadhali iko nini? Inakuliwa?"

Nikavumilia. Mume wangu, Baba Faida, yuko Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, na mimi ni fundi cherehani ninayeshonea nyumbani. Mikono ya kusaidia nilikuwa naihitaji. Kwa hiyo mama mkwe akamwogesha mtoto, akalala naye kitanda kimoja, na kila asubuhi akampulizia usoni, fuuu, eti anamtia pumzi ya ukoo. Na mwenyewe akikohoa. Khoo, khoo, kutwa. Vumbi ya njia, alisema. Mimi nikamchemshia tangawizi!

Wiki ya sita nikampeleka Faida chanjo. Matone ya polio mdomoni, sindano za mapajani, na mojawapo ni ile inayochanganya kinga ya magonjwa matano, kifaduro kikiwa ndani. Matone mama mkwe hana ugomvi nayo. Mdogo wake anatambaa kwa mikono tangu utotoni kwa sababu ya polio, kwa hiyo ugonjwa huo anauogopa kweli. Ugomvi wake ni sindano.

"Magonjwa tano ndani ya shindano moja! Unaweka samaki, nyama, sombe na maharagi chungu moja, mutu atakula nini hapo?"

Jioni ile Faida akapata homa na paja likavimba kidogo. Nesi alikuwa ametuonya: ni mwili unafanya kazi yake, mnyonyeshe, mpe dawa ya homa, itaisha. Ikaisha. Lakini mama mkwe alikuwa ameshapata alichokuwa anakitafuta. "Ile moto ni sumu inatafuta njia," akasema. Tangu siku hiyo kila mtoto akipiga chafya, ni sindano.

Jumapili iliyopita Faida akaanza kukohoa.

"Si nilisema?" Hakungoja hata mtoto amalize. "Bamemuchoma ya kikohozi, sasa iko na kikohozi. Ile shindano yako imefanya nini?"

Nikajaribu kumweleza. Walahi nilijaribu kwa adabu zote. Nesi Abwe, anayechanja hapa hospitalini, alitufundisha siku ile tukiwa tumepangana benchi. Sindano ya kwanza inauonyesha mwili adui, askari wa mwili wanaanza kujifunza tu. Ya pili wanaongezeka. Ya tatu ndiyo wanapata nguvu ya kulinda vizuri. Mama mmoja akauliza, "Basoda tena?" tukacheka wote, maana hapa Fizi neno hilo la askari halimtulizi mtu. Lakini nilielewa. Nikamwambia mama mkwe ni kama sombe, yale majani ya muhogo, huwezi kuitoa motoni baada ya kuchemka mara moja ukasema imeiva.

"Usinifundishe kupika sombe," akanijibu.

Kisha akafungua kinywa cha mwanangu kwa kidole, akachungulia, akatoa hukumu. Ni kilimi. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo kimerefuka, kinamkaba mtoto, lazima kikatwe.

"Kule kwetu kuko muzee anakatanga. Mara moja tu, mutoto anapona."

Kambini nilimwona mtoto wa jirani aliyekatwa kilimi. Sitaandika nilichokiona kwenye kitenge alichofunikwa. Tulimzika. Kwa hiyo nikamwambia mama mkwe, na safari hii sikusema tafadhali: kilimi cha binti yangu hakikatwi.

Nikampigia Baba Faida nikitegemea atasimama upande wangu. Mtandao wa Misisi nao ni wa kuokoteza, lakini jibu lake lilifika vizuri sana. "Sikiya mama, sheri. Na miye banikata, angaliya, niko muzima."

Mzima! Na hiyo "sheri", yaani mpenzi, huitoa akitaka nikubali tu.

Leo asubuhi nilitoka kupeleka gauni la mteja sokoni. Sikukawia, hata chai niliyokaribishwa sikunywa. Narudi nyumbani, mkeka mtupu. Kitanda kitupu. Kitenge cha kumbebea mtoto hakipo. Nikaita, hakuna. Jirani akatoa kichwa dirishani akasema, bila wasiwasi wowote, "Mama alishuka ku maboti na mutoto. Alisema banaenda Ubwari. Haukujua?"

Nilikimbia. Kandambili moja ilikatika nikaiacha njiani.

Boti lilikuwa limeshajaa, watu na magunia na kuku, kijana wa injini anavuta kamba. Mama mkwe alikuwa amekaa katikati, amefungua mwavuli kabisa kama mke wa chifu, Faida mapajani. Nikapiga kelele: "Mama! Shuka na mtoto wangu!" Akageuza uso akaangalia ziwa.

Basi nikaingia majini na nguo zangu. Maji yakanifika mapajani. Ufukweni watu wakaanza, "Yee! Angaliya, anagombana na bokilo wake mbele ya batu! Haya haina?" Hapana, sina. Haya niliiacha na kandambili. Nikashika ukingo wa boti nikamwambia anipe mtoto.

"Baba yake ameruhusu," akasema, taratibu, kwa sauti ya kila mtu asikie. "Nimeongea naye hii asubuhi. Mutoto ni wa ukoo. Wewe unataka akufe na mashindano yako?"

Baba yake ameruhusu. Kwa hiyo walipanga wawili, mama na mwana, mimi nikiwa nafunga gauni la mteja kwenye mfuko. Nilitaka kumpiga. Yule mama mtu mzima, aliyemzaa mume wangu, nilitaka kumpiga kofi mbele ya Baraka nzima, na mpaka sasa mkono unaniwasha.

Faida ndiye aliyetuamua. Alianza kukohoa pale pale mapajani kwa bibi yake, moja juu ya nyingine, bila nafasi ya kuvuta pumzi. Uso ukawa mwekundu, ukawa mweusi, midomo ikapiga bluu. Kisha akanyamaza. Mdomo wazi, hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka. Kijana akaachia kamba ya injini. Mama mkwe akaanza kumtikisa, "Faida, we Faida," na mimi nikajinyoosha juu ya magunia nikamnyakua, nikamlaza kifudifudi mkononi, nikamsugua mgongo, nikamsugua, nikamwita Mungu kwa majina yote. Akavuta pumzi. Akatapika maziwa yote kwenye shingo yangu.

Hakuna aliyeniambia sina haya tena. Mtu mmoja akaniitia pikipiki.

Hapa hospitalini nesi Abwe ndiye aliyekuwa zamu, na wa kwanza kugombezwa ni mimi. "Munakuyaka mutoto akishabadilika rangi! Tangu Jumapili? Na leo ni siku gani?" Nimemchukia na yeye kidogo, nikiri, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi huku mdomo ukifoka: bomba puani, dawa mdomoni, sikio mgongoni kwa mtoto.

Mama mkwe akatokea mlangoni, jasho linamtiririka, viatu mkononi. Alikuwa amekuja kwa miguu njia yote ile. Hata hakupumzika, akaanza. "Mumuulize! Mumuulize ile shindano ilimufanyia nini mutoto!"

Nesi Abwe akamgeukia. "Moja, mama. Amechomwa mara moja tu, bado mbili. Kinga yake ndio inaanza kuota. Hata hiyo kidogo inamusaidia, lakini kikohozi kimemukuta mapema." Akatuangalia sisi wawili. "Nani mwingine anakohoa kule nyumbani?"

Nilifungua kinywa. Sikuhitaji. Mama mkwe alishikwa na kikohozi chake pale pale, kile kirefu, akashika ukuta kwa mkono, akainama, mishipa ya shingo imemsimama. Chumba kizima tukamngoja amalize.

"Tangu lini, mama?" nesi akauliza.

"Ni vumbi tu. Vumbi ya njia."

"Ninauliza tangu lini."

"Tangu kule kwetu. Mbele ya kuja."

"Na mutoto analala na nani?"

Nikajibu mimi. Nikasema analala naye, kitanda kimoja, uso kwa uso. Nikasema anampulizia kila asubuhi. Niliyasema polepole, moja moja, nikimwangalia machoni.

Nesi Abwe hakumfokea. Alimweleza tu. Mtu mkubwa anaweza kuwa na kokelushi hii hii na akatembea nayo, akapika, akasali, akadhani ni vumbi, kwa sababu koo lake ni pana na kifua kina nguvu. Kinga haidumu maisha, hata ya aliyewahi kuugua. Kitoto hakina nafasi hiyo. Ndiyo maana kinachanjwa mapema, na ndiyo maana kabla hakijamaliza sindano zake, wakubwa wanaokohoa wakae mbali.

Nitaandika ukweli, maana hii ni shajara yangu, hata kama mnaisoma: nilifurahi. Mwanangu ana bomba puani, na mimi nilifurahi kuona uso wa yule mama unavyoanguka. Ilikuwa tamu. Ningeweza kuila mpaka kesho.

Akauliza jambo moja tu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Na akipona, mutamuchoma tena? Si ameshaugua?"

"Tutamuchoma," nesi akasema. "Ya pili, na ya tatu. Na siku ya ya tatu ataongezewa shindano ya polio. Matone inalinda zaidi ndani ya tumbo, shindano inalinda damu. Tunatumia yote mbili."

Halafu akatupatia dawa, mimi na mama mkwe, na yeye akamtoa nje. Haruhusiwi kumshika mtoto mpaka amalize vidonge vyote. Mama mkwe alimeza cha kwanza bila maji, akatoka.

Baba Faida akapiga simu mchana. Alikuwa amechemka. "Mama analia. Umemufanya nini mama yangu?" Nikamwambia amuulize mama yake amemfanya nini binti yetu, na amuulize pia kuhusu ruhusa yake nzuri aliyoitoa asubuhi. Akaanza kusema "sheri", nikakata. Amepiga tena mara kadhaa. Simu naitumia kuandika, hana bahati.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ndivyo tunavyosema. Sijui kwa nini tunasahau kumuuliza mzazi kabla ya kumpakia mwana kwenye boti.

Sasa jua linakaribia kuzama na bado kuna joto. Nesi anasema hizi siku chache ndizo za hatari. Faida anaweza kupona kabisa. Anaweza pia kukohoa mara moja asirudi. Alilisema hivyo hivyo, bila kulifunga kwenye kitambaa, na nimemheshimu kwa hilo.

Mama mkwe hajaenda nyumbani. Amekaa chini, kwenye sementi, nje ya dirisha letu. Namwona kilemba tu. Faida akianza kukohoa, kilemba kinatulia. Kikohozi kikikatika na mtoto akawa bado hajavuta hewa, sauti inatoka kule nje:

"Amepumua?"

Mara ya kwanza sikujibu. Ya pili, nesi alikuwa anapita, akamjibu yeye. Ya tatu Faida alikuwa ameshapumua zamani, ananyonya kabisa, ananiangalia. Nilisikia swali vizuri. Nikasikia na vidole vyake kwenye wavu wa dirisha. "Amepumua? Jamani, amepumua?"

Nikakaa kimya. Nikamwacha pale, kwa makusudi, muda ambao ungetosha mtu kusema Baba Yetu yote.

Akiuliza tena nitamjibu? Sijui, na nimechoka kujiuliza. Faida anaanza tena kukohoa. Huko nje nasikia mtu anasimama.