Goti Lililonizuia Kumzika Baba

Mikumi, Kilosa

Kaka yangu Deo,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba Mama sasa anakula na kulala vizuri. Mimi sijambo. Nimeamua kuandika kwa sababu tangu msiba wa Baba kila tukipigiana simu tunakatizana maneno, halafu mmoja anakata. Mwalimu mwenzangu anasafiri kwenda Mwanza, ataikabidhi kwa watu wa kivuko waifikishe Nansio.

Siku ya mazishi uliniambia, "Leka, mtu hakosi kumzika baba yake kwa sababu ya goti." Sikukujibu. Leo nataka nikueleze lile goti, si ili unihurumie, ila ujue nilikuwa wapi siku ile.

Unakumbuka lilianza kuchomoka nikiwa chuo cha ualimu, kwenye mpira wa pete. Pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ilikimbilia pembeni, ikarudi yenyewe, tukaona yameisha. Huku shule yetu iko mlimani, juu ya kijiji cha Munisagara, pikipiki inakuacha chini na kilichobaki ni miguu yako. Siku moja nateremka baada ya mvua, nikageuka kumpisha mama mwenye mzigo wa kuni. Mguu ulibaki chini, mwili ukageuka. Nilipotazama, pia ilikuwa upande wa nje wa goti kama kitu kilichowekwa mahali pasipo pake. Wazazi wa wanafunzi walifunga blanketi kwenye miti miwili wakanibeba hadi bondeni.

Dar es Salaam daktari alisema ikiachwa itaendelea kuchomoka mpaka goti liishe. Alichukua kano nyuma ya paja langu, akaifanya kamba ya kuishikilia pia isikimbie tena. Nilitoka na magongo na chuma cha kushikilia mguu, na onyo kwamba upasuaji ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mazoezi.

Mlimani nisingeweza kurudi. Mwalimu mkuu akanileta hapa Mikumi kwa mama yake, Mama Salome, anayepikia wali madereva wa malori kando ya barabara kuu. Ni mtu wa milimani, Mwanglikana wa kweli, na akiongea kilugha na dada zake kwenye simu siambulii neno. Mtaalamu wa mazoezi ni Bwana Hamisi, mzaliwa wa Kimamba, babu yake alikuja kukata mkonge akabaki.

Hamisi alikunja taulo akaliweka chini ya goti langu. "Likandamize, mwalimu. Kaza paja." Nilikaza kwa akili yangu yote, paja halikutikisika. Lilikuwa kama paja la mtu mwingine. "Ubongo umelisahau," akasema. "Tutalikumbusha."

Nilikuwa kwenye mkeka nikilikumbusha paja hilo Mama alipopiga simu kusema Baba amepumzika. Jioni ya kuamkia siku ile tulikuwa tumeongea, Baba na mimi, habari za mihogo tu.

Nilisema naondoka. Mama Salome hakubishana, alichukua begi akaanza kunipangia nguo. Hamisi aliutazama mguu, shavu la mguu lilikuwa bado limevimba, akampigia daktari na kuweka simu sauti ya juu ili nisikie mwenyewe. Daktari akasema, "Mwalimu, pole sana. Mabasi ya kutoka huko mpaka Mwanza, mguu umebanwa, damu inaweza kuganda ikapanda kwenye mapafu. Utakwenda kumzika baba, watu wakuzike wewe. Siwezi kukuruhusu."

Mama Salome akazitoa nguo begini, moja moja, akazirudisha kwenye kamba.

Siku ya mazishi mdogo wake wifi alinipigia simu ya picha. Majirani wa Mama Salome walikuja kukaa nami, watu ambao hawajamwona Baba hata siku moja. Nililiona jeneza. Nikakuona wewe mgongo, shati jeupe lina udongo begani. Halafu picha ikaganda pale pale mgongoni kwako, sauti ikabaki. Nilisikia majembe, kaka. Nilisikia udongo wote unaingia. Wale akina mama wakaimba wimbo kwa lugha yao, sauti ya wimbo niliijua kutoka kanisani kwetu, maneno sikuyajua. Wewe ulinipigia baada ya hapo, ukasema ulichosema.

Hamisi alikuja alasiri. "Mwalimu, leo sitakugusa. Kesho nitakuja, na kesho nitakugusa."

Kesho yake nilimfukuza. Na siku zilizofuata pia. Nilijiambia, kama goti limeninyima Baba, basi na likae hivyo hivyo. Likaanza kukakamaa kweli. Hamisi aliniambia wazi kwamba tukiendelea hivyo nitarudishwa Dar, nilazwe usingizi, likunjwe kwa nguvu.

Aliyenitoa kitandani ni Mama Salome. Siku moja nilisubiri chakula chumbani, hakikuja. Nikaita. Akajibu kutoka barabarani, "Chakula kiko mezani. Wanaokula kwangu wanakuja."

"Mama, siwezi kutembea!"

"Mwanangu, nimezika mume wangu na watoto wawili. Kulala nimelala pia. Njoo ule."

Nilikwenda na magongo, nimekasirika, nikala katikati ya madereva. Kesho yake nikamwita Hamisi.

Alivyokuwa akilikunja lile goti sitakueleza. Siku moja nililia mpaka akasimama.

"Ni goti?"

"Hapana."

Akaushika tena mguu. "Basi lia, mwalimu. Ila usiache kukunja."

Nadhani mwaka huu wote Baba nimemlilia pale kwenye kitanda cha mazoezi. Pole pole paja likarudi. Nikaacha gongo moja, kisha la pili. Maumivu yalipopungua ilibaki hofu, kila nikishuka ngazi ya kibaraza nilihisi pia inataka kukimbia. Hamisi alisimama mbele yangu, mikono nyuma, hakunishika. "Imefungwa," alikuwa akisema. "Shuka."

Muhula huu nimerudi shuleni. Nilipofika pale nilipoangukia nilisimama kidogo, nikatema mate chini, nikaendelea kupanda. Nilifika nimechelewa, wenzangu wakanipa kiti. Baridi ya mlimani bado inaliuma goti, na mwisho wa wiki nashuka Mikumi kwa Hamisi. Lakini natembea, kaka.

Sikulaumu kwa maneno yale. Ulikuwa umeubeba msiba peke yako, mimi mtoto wa pili wa Baba sikuwepo. Nilikuwa na sababu, na bado sikuwepo. Yote mawili ni kweli.

Nisalimie Mama, mwambie dawa yake ya presha asiruke. Wifi, aliyekaa na Mama jikoni siku zote za matanga, ahsante yangu haitoshi. Shangazi mkubwa, shikamoo yake. Mdogo wake wifi mwambie sikukasirika kwa ile simu, na asijutie kuniacha nisikie.

Mama ameniambia fundi yuko tayari kujengea kaburi. Shule zikifungwa nakuja. Nakuomba, kaka, mwambie aache nafasi bila saruji, hata ndogo, upande wa kichwani, nitie udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Na siku hiyo usikae mbali. Hamisi anasema kupiga magoti nitaweza, ila kuinuka bado nahitaji mtu wa kunishika.

Mdogo wako,
Leka