Kiti Mbele ya Foni

Kabondo, Kisangani
14 Machi 1986

Papa yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Mimi na watoto tuko wazima, ni mafua tu ya mvua hizi. Magoti yako je? Na mama, bado anagombana na mbuzi wa jirani?

Nakuandikia juu ya kazi. Nyumba ya foni ya bosi wangu Henri, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, imefungwa. Mwaka jana zilifunguliwa tatu hapa Kabondo. Imebaki moja, tena yenye mashine mbovu kuliko zote! Sisi tulikuwa na mashine mpya na bei ndogo, lakini benchi letu likajaa vumbi. Henri akasema watu wa hapa hawajui maendeleo. Mimi nikakataa.

Nimezunguka wiki mbili nikiwauliza wateja. Viviane, muuza samaki, alinijibu kwamba mashine ni mashine tu, yeye anataka kujua kama “kule iko mutu wa kumutafuta mama yangu mpaka shambani.” Wengine waliinamisha macho, kisha wakasema kwenye foni yetu kifo kinatangazwa kama bei ya mihogo. Nikaelewa. Kwetu habari ya kifo huletwa na mtu wa familia, na mwenye msiba huketishwa kwanza. Sisi tuliirusha hewani, foleni nzima ikisikia.

Sasa Henri amenikabidhi mashine mbili nianze upya. Hapo Banalia nahitaji mtu anayejua kila mlango, anayeweza kumwita mtu bila kumshtua. Mtu huyo ni wewe, Papa.

Najua uliapa hutaisogelea tena foni, tangu sauti ile ilipokuambia, “Lambert amekufa, terminé,” yaani mwisho wa habari, ukaanguka pale uliposimama, peke yako. Kila ulipomlaani yule mtoto asiye na adabu, nami niliitikia. Papa, sauti ile ilikuwa yangu, mikwaruzo ya redio iliificha. Henri alikuwa amekwenda kula, watu wananisukuma, nikaogopa kwamba nikitaja jina langu nitalia. Tonton Lambert, ndugu yako, alinibeba mgongoni utotoni, nami nikamtangaza kwa maneno matatu. Naona haya mpaka leo. Nisamehe.

Mashine yako itafika Jumanne kwa lori la Sefu. Ukiikataa, irudishe kwa lori hilohilo. Sitanuna, nitatafuta mwingine, maana kazi hii siiachi. Ukiipokea, weka kiti kabla ya kuiwasha. Neno langu la kwanza litakuwa: “Papa, ni mimi Florentine. Kaa chini kwanza.”

Msalimie mama, na mbuzi pia.

Binti yako,
Florentine