Naogopa Televizio Itatuziba Masikio

Mama Ngalula wa redio, nakusalimia na heshima yote, na naomba unijibu mbio, mbele ya jeudi, ile alhamisi, juu jeudi bwana yangu anataka kwenda Beni kutafuta televizio, na kama anaenda ni juu ya bongo, uongo yenye mimi nilimudanganya. Masomo yangu ilikomea troisième primaire, darasa ya tatu, kama maandiko inapotea unisamehe. Na tafazali, jina yangu usitaje.

Niko mama ya batoto bane. Tunaishi huku Kimemi, mu Butembo, tangu tulikimbia vita ku kijiji yetu Kalunguta, inaenda miaka tatu. Bwana yangu Paulin ni seremala. Batoto banaendaka kuangalia televizio ku dirisha ya jirani, na jirani anabafukuza kama bambuzi, siku moja Jemima, mukubwa yao, alirudia na mavumbi ku pua yote juu ya kuegemea ile dirisha, Paulin akasema basi, na sisi tununue ya kwetu. Hapo alisema kweli, sikatai.

Tulienda ku duka ya Mathe. Mimi nikachagua kadogo moja, sauti yake kama ya mutoto mwenye homa. Paulin akacheka: «Mama Jemima, hii ni televizio ao ni telefone?» Yeye akachagua ile kubwa ya ukuta, na bafle zake mbili, zile za kutoa sauti, ndefu kama mbao. Mathe akafungua sauti, bioo bya duka bikatetemeka, Paulin akanigeukia na meno yote inje: «Unasikia? Hata kule Rughenda banasikia!» Mama Ngalula, mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia inje, mama mumoja alikuwa anapita na basufuria ku kichwa, moja ikaanguka ku majiwe, niliiona na macho inaanguka, na sauti yake sikuisikia hata kidogo.

Unajua kwetu namna gani. Kama bubaya bunakuya, batu ba silaha, batu banapiga sufuria, bidon, filimbi, nyumba inapasia nyumba, mwenye kusikia anatoka mbio. Sasa niandike kitu yenye hata kwa padri sikuisema yote. Ile magaribi ya Kalunguta, saa moja, nilikuwa nachambua maharagi, redio inatoa nyimbo ya kwaya yenye napenda, mvula inapiga mabati, na mimi nikaongeza sauti mpaka mwisho. Ku kilima banapiga sufuria, mimi naimba. Ni Jemima aliingia na kupiga kelele: «Mama, kule juu banapiga! Banapiga tangu mbele!» Tukatoka mbio na batoto. Mama ya Paulin, mama Vagheni, alikuwa ku jiko ya nyuma, miguu yake haikuwa tena ya kukimbia. Kama ningesikia mbele, tungemushika mukono, tungefika naye mu migomba. Hatukufika naye. Kesho yake tukamuzika.

Paulin alikuwa huku Butembo kwa kazi. Aliponiuliza kama sufuria ilipigwa, nikasema hatukusikia. Haiko bongo kabisa, mais haiko kweli. Na mwenye zamu ya kulinda ile siku alikuwa Kambere, jirani yetu. Paulin akasema: «Basi Kambere alikimbia bila kupiga, aliuza mama yangu.» Kambere naye alikimbilia huku, tunasali naye kanisa moja. Saa ya kupeana amani ananyoosha mukono, Paulin anatia yake mu mifuko. Kisha Kambere ananiangalia mimi. Ananiangalia tu.

Donc, nilirudia peke yangu kwa Mathe, nikalia mbele yake, nikamuomba amwambie Paulin: ile kubwa imeuzwa. Mathe akasema: «Mama, mununuzi yangu unamufukuza wewe mwenyewe?» Mais akanihurumia, akasema vile. Nilifikiri Paulin atakubali kale kadogo. Wapi! Akarudia na furaha: «Hakuna neno, ku Beni biko. Jeudi asubui napanda moto, pikipiki ya Beni, jioni tunaangalia mupira.» Na njia ya Beni inapita wapi? Inapita kulekule tulikimbia! Kila juma tunasikia mambo ya ile njia. Nilikuwa naogopa televizio, sasa naogopa njia, naogopa bwana, naogopa Kambere, hata mulango ikilia naogopa. Nikisema televizio iko kwa Mathe, atauliza juu ya nini nilidanganya. Nikijibu, Kalunguta yote inatoka inje, na atajua mama yake alikufa mimi nikiimba. Nifanye nini, mama? Wasingya kutsibu, aksanti sana, Mungu Nyamuhanga akubariki.

Ni mimi, mama mwenye woga, Kimemi.

*

Mama wa Kimemi, ni mimi Ngalula nakujibu. Unaniambia nisitaje jina yako, kisha unaniandikia jina ya bwana, ya mutoto, ya muuzaji na ya jirani! Nimebadilisha yote mbele ya kusoma ku redio. Pumua.

Tuanze na jeudi. Bwana yako haendi Beni. Leo hii, akirudia na unga ya mbao mu nywele, hata hajanawa, umwambie: «Televizio iko kwa Mathe. Ni mimi nilimuomba akudanganye.» Usingojee kesho. Usijifanye mugonjwa juu abakie kukuchunga, najua hiyo mawazo ilikupitia. Mutu mzima apande moto mu njia ile juu ya bongo ya duka? Hapo nakugombeza, na sikuombi musamaha.

Kisha umwambie ya redio. Yote, kama vile uliniandikia mimi. Na mbele ya kumwambia, usikilize mimi muzuri: redio yako haikuua mama Vagheni. Baliomuua balikuya na mikono yao na silaha yao. Mama kuimba mu nyumba yake saa moja ya magaribi, akichambua maharagi ya batoto, si zambi. Mimi si mutu wa huku, nilitoka Kasaï nikifuata bwana yangu mwalimu, miaka kumi na mbili sasa, na mpaka leo mvula ikipiga mabati nazima redio nasimama kusikiliza. Donc woga yako naijua. Lia, mama. Mais usibebe kazi ya bauaji ku mugongo yako.

Kambere, ile ni ingine. Ile kosa ni yako. Soma tena barua yako mwenyewe: Jemima aliingia akisema nini? «Banapiga tangu mbele.» Nani alikuwa anapiga, kama hapana yule mwenye zamu? Batoto bako bane bako hai juu ya mukono ya ule mutu, na miaka tatu unaacha mukono uleule unaning'inia mu kanisa, batu banaangalia. Na yeye angeweza kusema. Amenyamaza, pengine juu ya kukuchunga wewe. Haya ikushike kidogo, itakusaidia kufungua mudomo.

Paulin atakasirika. Pengine siku mbili atapiga randa mbao yenye haikuombwa na mutu. Umuache. Usimufuate na chai kila dakika. Yeye pia iko na yake: hakukuwa pale, na ile inamukula. Mutu mwenye kutafuta bafle ndefu kama mbao, mara ingine iko na kitu ndani anataka kufunika.

Na televizio munanunua. Batoto bamechoka kufukuzwa ku dirisha. Mais ukubwa ya kioo si neno, neno ni sauti: zile bafle mbili zibakie ku duka. Muifunge ku ukuta ya ndani, mbali na mulango. Jua ikishuka, sauti inashuka, na telekomande, ile ya kuongeza sauti, inakaa na wewe, hata kama kuko mupira.

Tena musichague na macho tu. Siku hii ya posho, jumamosi, mubebe sufuria yako kubwa, ile ya maharagi, muende nayo kwa Mathe. Atacheka, acheke, naye iko na batoto ku nyumba. Afungue televizio, wewe na Paulin mukae ndani kama muko kwenu, na mutu asimame inje, nyumba tatu mbali, apige. Paulin aongeze sauti polepole. Pale sufuria inaanza kupotea, arudishe nyuma, muandike ile namba ya sauti ku telekomande, na hapo hakuna mwenye kupita, hata mugeni, hata siku ya fainali. Televizio yenye munasikia sufuria nayo, kubwa ao ndogo, njo hiyo yenu.

Na mwenye kupiga ile sufuria inje akuwe Kambere. Paulin mwenyewe aende kumuomba.