Matofali ya Bombo

Bugolobi, Kampala
Jumatano, 11 Juni 2025

Dada yangu mpendwa Lailah,

Asalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Bombo, na goti la mama limeanza kukunjika. Nasikia wewe u mzima, ni simu yako tu iliyo mgonjwa, maana wiki ya tatu sasa haipokelewi. Ndiyo maana nimempa jirani yako Nusura barua hii akukabidhi mkononi. Sisi hatujambo.

Nianze na mume wangu Odyek, maana wewe ndiye uliyenifundisha kumchunguza. Tangu Ramadhani alianza kuchelewa kutoka kwenye ghala analolinda huku viwandani. Mara shati jipya, mara simu anakwenda kuipokelea kwenye ngazi. Siku moja nikafunga mapema meza yangu ya vitambaa sokoni Nakivubo, nikamfuata kwa bodaboda mpaka Kabalagala. Akapanda ghorofani, juu ya baa. Nikasema leo ndiyo leo, nikavua viatu nisisikike. Huko juu nikamkuta na mwanamke kweli, mwenye miwani na mihuri mezani. Alikuwa wakili, jina lake Akwero.

Odyek aliona aibu kuliko mimi. Akaeleza kwamba mwenzake Komakech alipozikwa, ndugu wa marehemu walipakia kwenye pikapu mpaka jiko la mjane, matanga hayajaisha. Tangu hapo hana raha. Alitaka tuandikiane mkataba wa ndoa, ingawa tumeoana miaka tisa, ili watu wake wa Gulu wasije wakasema mke Mnubi, asiye wa kabila lao, hana lake. Nikamuuliza wakili kama huo si mlango wa kuniacha. Akanijibu kwa upole kwamba wengine huuandika kabla ya ndoa, wengine ndani ya ndoa. Kila mmoja anataja mali yake yote, wanakubaliana kipi cha nani na kipi cha wote, na anayeficha kitu anaubomoa mkataba mwenyewe. Akanishauri hata nitafute wakili wangu anisomee kabla sijatia sahihi.

Odyek akajaza ukurasa wake: pikipiki, sehemu yake ya shamba la mama yake, hata redio mbovu. Niliutafuta uongo humo siku nne, sikuupata. Mimi nikaandika cherehani mbili na bangili za bibi, kisha kalamu ikagoma.

Dada, unajua ilipogomea. Ni kile kiwanja cha hapo Bombo nilichonunua mwaka wa pili wa ndoa, tukakiandika kwa jina lako, kwa kuwa ulisema mume asiye wa dini yetu si wa kuaminiwa. Miaka saba nimemficha. Sasa Nusura ananiambia lori limemwaga matofali pale na fundi amechimba msingi. Nimekupigia mara kumi na moja. Yule niliyemwogopa anataka kuniandikia kila kitu, na wewe niliyekuamini hatuna hata kipande cha karatasi kati yetu.

Jana asubuhi nilimwambia Odyek yote, akiwa anapiga viatu rangi. Aliendelea kusugua mpaka kiatu cha pili kikang'aa. Akauliza kama nina ushahidi, nikamjibu kwamba mzee Abdunoor aliyetuuzia yu hai na anakumbuka nani alimlipa. Kisha akaniuliza kama kuna kingine ninachomficha. Nikasema hakuna. Akanitazama kama ninavyomtazama yeye miaka yote, na hilo limeniuma kuliko kiwanja.

Kama ulitaka kunijengea kwa siri, nisamehe maneno haya, lakini ungepokea simu. Jumamosi tutakuja, mimi, Odyek na wakili. Tafadhali fundi asimwage zege kabla hatujafika.

Msalimie mama, mwambie namletea dawa ya kuchua. Wabusu watoto.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Sumayiya