Jiko Chumbani kwa Mama

Ilula, 9 Julai 2024. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, baridi kali.

Dada Severina, shikamoo.

Simu yako haipatikani, hivyo natuma barua kwa mkono wa kondakta wa basi. Nyanya tumeshavuna.

Jana usiku mama aliingiza jiko la mkaa chumbani, akafunga dirisha. Nikamwambia, "Mama, moshi huo!" Akanicheka: "Mkaa ukishakolea una moshi gani, msomi wangu?"

Alfajiri nilienda kumwamsha tusali, hakuitika. Nilimkokota hadi uani huku nikimlilia Mungu. Kulipoanza kupambazuka, akakohoa.

Sasa tuko hospitali. Anapumulia mashine, hajafumbua macho, na daktari hanitazami usoni. Njoo upesi. Mungu aliyempa pumzi alfajiri ile, nimemwomba alfajiri nyingine.

Mdogo wako, Yusta.

Saa nne usiku, nalala hapa hapa hospitali.